Siku Niliyomsemesha Baba Mkwe

Nikiwaona mnafunga mahema juu ya gari, mjukuu wangu, mnagombania usukani kwenda kupiga kambi Ileje na mvua hizi, nakumbuka siku moja nikiwa bado mke mpya, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Baba yako huyo. Kaa kidogo, chai haijaiva.

Baba mkwe wangu alikuwa na Landrova kuukuu, aliipenda kuliko ng'ombe wake. Kila mwisho wa mwaka alitutoa Tunduma akatupandisha milimani kwao, Undali, huko huko Ileje, na hatukuwa na haraka. Tulilala njiani chini ya turubai, tukapika ndizi kwenye mafiga ya mawe, ukungu unashuka mpaka ndani ya sufuria. Jamani, utamu wa zile ndizi! Siku hizi napika kwa gesi, na utamu ule sijaupata tena.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu wakati huo mke wa mtoto hakuongea na baba mkwe, wala kumtazama usoni. Nikiwa na shida namwambia mama mkwe, yeye anamfikishia mzee. Usicheke! Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na aliyeivunja aliweza kurudishwa kwao. Basi ndani ya gari nilikaa nyuma kabisa, kitenge kichwani, nimegeukia mlangoni naangalia tulikotoka.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Barabara ilikuwa udongo mwekundu mtupu, inateleza kama mlenda. Upande mmoja mlima, upande wa pili bonde ambalo miti yake tuliiona vilele tu. Kabla ya mteremko mbaya mzee akasimama, mume wangu na mama mkwe wakashuka watangulie kwa miguu. Mimi niliachwa ndani kwa sababu ya mtoto, asilowe.

Gari likaanza kushuka polepole, gia namba moja. Kwenye kona nikaona nyuma yake inavutwa bondeni. Tairi linakula ukingo, udongo unamegeka na kuporomoka, na mzee macho yapo mbele, hana habari. Nikatafuta wa kumpelekea neno. Hayupo! Nikagonga bati kwa ngumi, naye akadhani ni madumu yanagongana. Mwanangu, nilikaa pale kifo nakiona, mtoto anahema shingoni mwangu, na bado nawaza nitarudishwa kwetu. Ujinga gani ule?

Gari likainama. Mtoto akalia, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Baba! Kata upande wa mlimani! Tairi la nyuma linaondoka!"

Akakata bila kuuliza. Pua ya gari ikajichomeka kwenye udongo wa mlima, injini ikazima. Akashuka, akazunguka nyuma, akalitazama lile tairi. Nusu yake haikuwa na kitu chini. Mimi nimeshajifunika kitenge uso mzima. Mume wangu anakuja mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope.

"Uliona tangu lini?" mzee akauliza. Ananiuliza mimi!

"Tangu kwenye kona, baba."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Loh! Ulitaka kuniheshimu mpaka bondeni, wewe na mjukuu wangu?"

Akageukia pembeni akajifuta uso, na haikuwa mvua tu.

Tulipiga kambi hapo hapo. Mzee mwenyewe aliniletea kikombe cha chai, mama mkwe akabaki mdomo wazi. Akaniambia kuanzia leo nikiona jambo niseme, hata yeye akiwa amenuna. Tulipofika kwao alichinja mbuzi, akawatangazia ndugu zake kwamba mkwe huyu anaongea naye, na asiyependa aje amwambie yeye. Wapo walionuna kweli. Hakujali. Namkumbuka sana mzee yule, wakati mwingine kuliko baba aliyenizaa, Mungu anisamehe.

Basi nendeni, siwazuii. Lakini kwenye utelezi dereva haoni kila kitu, hata awe fundi namna gani. Mkifika pabaya shukeni wote, msimbakize mtu ndani eti asilowe, nguo zitakauka. Na wewe utakayekaa nyuma, usimwonee haya anayeendesha kwa sababu ni mkubwa wako au gari ni lake. Sema, tena useme mapema. Mwenye usukani naye akiambiwa simama, asimame kwanza, ugomvi mtaumalizia mkiwa hai.

Mungu awatangulie kwenye kila kona, awalaze salama humo mahemani, na awarudishe kwangu mmechafuka matope mpaka masikioni, wote, bila kupungua hata mmoja.