Mikono ya Breki Iliyotoka Geita

Kabla Jilala hajarudi kutoka Geita, hakuna mtu kijijini kwetu aliyejua kwamba mkono wa breki unaweza kuwa kitu cha kutazamwa. Mkono wa breki ulikuwa mkono wa breki, basi. Na kwa baiskeli nyingi za huku upande wa Kishapu haukuwa hata na kazi, maana raba za breki zilikwisha zamani na madukani hazikuonekana. Mtu akitaka kusimama alinyoosha mguu, akabana soli ya katambuga kwenye tairi la mbele. Ikalia shwaaa, vumbi likatoka, baiskeli ikasimama. Katambuga yenyewe si imekatwa kwenye tairi la lori? Basi ilikuwa tairi kwa tairi, na yalielewana.

Aliyelijua jambo hilo kuliko wote alikuwa Masele Maige. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mkulima wa pamba kama sisi wengine, mwenye ng'ombe wa kuhesabika na baiskeli nyeusi iliyochubuka. Lakini alikuwa na cheo. Kanisa letu liko ng'ambo ya mto wa mchanga, na kati ya kijiji na mto kuna mteremko wa mawe tunaouita Igumo. Bibi harusi hawezi kutembea pale akafika akiwa bado bibi harusi. Kwa hiyo alibebwa. Aliketi upande kwenye keria, juu ya gunia dogo lililojazwa pamba, gauni limekunjwa mapajani, na miguuni amevaa katambuga zake za kila siku. Viatu vyeupe vilitangulia ndani ya kapu la msimamizi wake, avivae mlangoni pa kanisa. Na mwendeshaji alikuwa Masele. Hakuwahi kumwangusha hata mmoja. Akipita na jembe begani, akina mama wenye wajukuu walimwita kutoka uani, "Dereva! Hujambo dereva?" Naye alicheka chinichini akaendelea kutembea, lakini alitembea vizuri zaidi.

Kuna bibi harusi mmoja ambaye Masele alimngojea tangu akiwa mchanga. Huyo ni Epifania, binti wa dada yake mkubwa, Paskazia. Alipokuwa mdogo Masele alikuwa akimketisha kwenye keria na kumzungusha uwanjani. "Siku yako," alikuwa akimwambia, "nitakwenda polepole hadi padri akasirike."

Sasa, mwaka ule mgodi wa Geita ulipofungwa, wanaume waliokuwa kule walirudi makwao, kila mmoja na chake. Mwingine alirudi na redio, mwingine na kikohozi. Jilala alirudi na baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa kama zetu, wala si mpya. Ila kwenye usukani ilikuwa na mikono miwili ya breki ambayo sijui niwaelezeje. Ilikuwa myeupe kama fedha, imepinda kama pembe za ndama zinapoanza kujua njia, imetobolewa matundu madogo madogo kwa mstari, na imevikwa mpira mweusi pale kidole kinapokaa.

Siku ya mnada watu waliizunguka kuliko walivyozunguka ng'ombe.

"Aliniuzia Mzungu mpima ardhi siku anafunga mizigo," Jilala akasema. "Kwao mikono hii miwili peke yake ni ghali kuliko baiskeli nzima."

"Kwa nini?" mzee mmoja akauliza.

"Kwa sababu ukiibana haina kelele. Sikia." Akabana. Tik.

"Mbona nimesikia kelele?"

"Hiyo si kelele, mzee wangu. Hiyo ni heshima."

Watu wakacheka. Jilala akapanda, akashuka kwa kasi hadi kwenye kivuli cha akina mama wauza pombe, akabana kwa vidole viwili tu, na baiskeli ikasimama hapo hapo mbele ya vyungu. Wote waliona vidole. Hakuna aliyeangalia mguu.

Masele naye aliona vidole. Akaushika usukani wake mweusi, wenye kutu pale jasho lilipokula rangi, akahisi kama mtu aliyeingia kwenye sherehe na kugundua kwamba shati lake limechanika mgongoni na wote wamekwisha kuona. Aliondoka mnadani bila kununua chumvi aliyotumwa.

Jioni ile ugali haukushuka.

"Baba Donatus, unaumwa?" mkewe Salvina akamwuliza.

"Siumwi."

"Chumvi iko wapi?"

"Ile mikono ni bati tu," Masele akasema.

Salvina akamtazama. "Mikono ya nani?"

Wivu una adabu mbaya, jamani. Haukai ulipowekwa. Masele alipalilia pamba akiwa anasikia tik. Alikamua ng'ombe akasikia tik. Akipishana na Jilala njiani alimsalimu vizuri, "Mwangaluka," na macho yake yakaenda kwenye usukani kabla hajajibiwa. Akaanza kuwaambia watu kwamba vitu vya mgodini vina mkosi. Akawaambia kwamba Jilala mwenyewe hajui kuendesha, anakaa kama gunia. Watu wakaitikia, "Kweli, dereva," kisha wakaenda kuibana mikono ya Jilala ili waisikie.

Siku moja alikuwa akipita karibu na kisima, nyuma ya kichaka, akasikia wasichana wakichota maji na kucheka.

"Mimi siku yangu nitapanda ile ya Jilala," mmoja akasema. "Ile ya mjomba Masele inalia shwaaa kama mbuzi anayekatwa."

"Na wewe, Epifania? Yako ndiyo hii imekaribia."

Masele akasimama pale pale, mguu mmoja hewani. Epifania hakujibu. Alicheka tu. Masele angeweza kulivumilia neno baya, angelijibu moyoni hadi lichoke. Lakini kile kicheko hakikuwa na neno ndani yake, hakikujibika.

Wiki haikuisha, dada yake Paskazia akaja, akaketi kwenye kigoda, akazungumza kwanza habari za mvua. Masele akajua.

"Sema, dada."

"Si mimi. Ni upande wa bwana harusi. Wanasema kule kuna breki za kisasa, na huku..." Akatazama katambuga za mdogo wake. "Wanauliza tu, Masele."

"Waambie waulize Jumamosi ya harusi. Watajibiwa."

Alfajiri iliyofuata alikwenda kwa Jilala. Nami nawaambia jambo ambalo Masele hakulijua alipokuwa akipiga hodi. Jilala alikuwa na mikono ya breki, lakini zizi lake halikuwa na hata kwato moja. Mtu aliyekula ujana wake chini ya ardhi, anarudi kwao Usukumani hana ng'ombe, anapishana kila jioni na ng'ombe wa Masele wakirudi kutoka malishoni huku wanacheua kwa raha. Mnafikiri alikuwa analala?

"Nataka ile mikono," Masele akasema.

Jilala hakujifanya hata kushangaa. "Nipe yule mtamba mwekundu."

"Mtamba! Kwa mikono miwili ya breki?"

"Basi acha, bwana. Jumamosi nitambeba Epifania mimi."

Mtamba akatoka. Salvina aliposikia alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Donatus! Ng'ombe aliye na mimba umempa mtu kwa vipini?"

"Si vipini. Ni mikono ya breki."

"Tutaikamua saa ngapi?"

Masele akaipeleka kwa Pantaleo, fundi baiskeli wa pale mnadani, mtu mcheshi asiyeweza kunyamaza hata akiwa na spana mdomoni. Pantaleo akaigeuza geuza, akakuta ndani ya kila mkono kipande kifupi cha waya kilichokatwa, kama mkia wa panya. Akacheka hadi akakaa chini.

"Masele, hii inavuta waya. Waya unavuta kibanio kule kwenye gurudumu. Wewe huna waya, huna kibanio. Na Jilala naye hakuwa navyo!"

"Sasa alikuwa anasimamaje?"

Pantaleo akanyoosha mguu, akaonyesha katambuga yake.

Hapo mtu mwingine angerudi kudai mtamba wake. Masele aliitazama mikono ile iking'aa juu ya gunia la fundi. Ilikuwa mizuri bado. Ilikuwa yake. "Ifunge hivyo hivyo," akasema. "Na ukimwambia mtu, sikuletei tena hata pancha." Aliwaza, kama Jilala aliweza kubana kwa vidole na kusimama kwa mguu, yeye dereva atashindwaje?

Na asingeshindwa. Ila Jumamosi ikafika, uwanja wa Paskazia umejaa watu, na Masele akatokea anaisukuma baiskeli iliyooshwa, mikono inawaka jua. Vigelegele vikapanda. Epifania mwenyewe alitoka mlangoni na gauni lake, akaweka mkono mdomoni. "Mjomba!" Watu wa bwana harusi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jilala alikuwa amesimama kando ya ua, amekuja kwa miguu. Sasa alikuwa akiona mtu mwingine anashangiliwa kwa kitu kilichokuwa chake. Moyo ukamchoma, mdomo ukafunguka.

"Lakini dereva," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "mikono ya Ulaya, miguu ya kuchungia mbuzi?"

Uwanja mzima ukaangalia miguu ya Masele. Wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Masele alikwenda kwa Otmar, katekista wetu, akamnong'oneza. Katekista akavua viatu vyake vya ngozi, vile vya Jumapili, ambavyo soli zake zilikuwa zimesuguliwa na saruji ya kanisa hadi zikawa laini kama kioo. Masele akavivaa. Akamketisha Epifania kwenye keria, akakaa wima kama askari, wakaondoka. Katambuga zake alizivua akaziacha pale uani, zimetazama mlango.

Jilala aliziona. Watu wanasema alisimama akizitazama kwa muda, kisha akapiga ukelele, akaanza kukimbia.

Wakati huo baiskeli ilikuwa imekwisha kuinama kwenye Igumo. Mwanzoni ilikwenda polepole kama alivyoahidi zamani. Kisha mawe yakaanza kupita haraka. Masele akabana. Tik. Akabana yote miwili. Tik, tik. Ilikuwa sauti safi kabisa.

"Mjomba, shika breki!"

"Nimeshika!"

Akashusha mguu kwenye tairi. Soli ya katekista ikateleza juu yake kama kipande cha sabuni. Akashusha tena, ikateleza tena, karibu aanguke. Nyuma yao, juu kabisa, ikaja sauti ya Jilala ikikatikakatika kwa mbio: "Vua kiatu! Masele! Vua kiatu!"

"Mjomba, anasema nini?"

"Anaona wivu tu!"

Mbele yao kulikuwa na ukingo wa mto, na chini ya ukingo mawe. Epifania hakuuliza tena. Alikusanya gauni lote akalibana kwapani, akageuka akakaa kama mwanamume, akateremsha miguu yote miwili ardhini. Shwaaa! Vumbi likawameza. Waliokuwa wakiangalia kutoka juu walilia, "Mayuu!" wakidhani yamekwisha. Vumbi lilipotulia, gurudumu la mbele lilikuwa limezama kwenye mchanga wa ukingoni, Masele amekumbatia usukani, na nyuma yake bibi harusi amesimama na pindo la gauni limechanika, moshi mwembamba wa mpira ukipanda kutoka visiginoni.

Bibi harusi akatema mchanga.

"Dereva," Epifania akasema, "tumefika?"

Masele alimsukuma kwenye mchanga hadi ng'ambo, yeye ameketi kwenye keria, maana alikataa kushuka. "Umesema utanibeba," akamwambia, "nibebe." Mlangoni pa kanisa viatu vyeupe vilitolewa kapuni vikakataa kuingia, nyayo zilikuwa zimevimba kwa joto. Kwa hiyo Epifania alisimama mbele ya altare na katambuga, na padri, wanaoketi mbele wanasema, aliinamia kitabu chake muda mrefu kuliko kawaida ili asionekane anacheka.

Nje, Jilala alikuwa bado anahema.

"Ulijua haina waya," Masele akamwambia.

"Nilijua unajua! Nani hajui kwamba baiskeli inasimama kwa mguu? Nilikutania tu, sikukutuma uvae viatu vya katekista."

"Kwa nini ulinitania mbele ya watu?"

Jilala akaitazama mikono ya breki, ikiwa imejaa mchanga. Akatoa kidole, akaupangusa mmoja. "Ilikuwa yangu, bwana," akasema.

Yule mtamba alizaa ndama jike, naye akawa na maziwa mengi. Masele alipita kwa Jilala kila jioni, ingawa njia ile haikuwa ya kwake, akasikia maziwa yakishuka kibuyuni, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mwiba anayeona haya kusema. Na Jilala, Jumapili baada ya misa, alikuwa akizunguka mahali Masele alipoegesha baiskeli, akaitazama mikono ile kwa upande, kama mtu anayemtazama aliyekuwa mchumba wake. Hakuna aliyetaka kurudisha. Kila mmoja alitaka vyote viwili.

Mabibi harusi waliofuata waliendelea kubebwa na Masele. Upande wa bwana harusi ulipokuja kuomba, Paskazia ndiye aliyejibu: "Atakuja. Ila tutamwangalia miguu kwanza." Naye Masele aliinua mguu akaonyesha soli, bila kununa.

Wapo waliomwuliza hadi uzeeni kama mikono ile ilistahili ng'ombe mzima. Masele hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa akiinama kwenye baiskeli, akabana kwa vidole viwili. Tik. "Umesikia?"

Na kama Epifania alikuwa karibu, na mtoto mgongoni, aliburuta kisigino chake ardhini taratibu, shwaaa, akamwuliza, "Na hii, mjomba, umeisikia?"