Viazi vya Jerioth Vyamrudisha Mama Kabira Mezani

Saa tano asubuhi, Jerioth Nyambura anamwaga maji ya viazi kwenye sinki, kisha anairudisha sufuria motoni ili maji yaliyobaki yakauke. Viazi vikishanyamaza, anauzima moto na kuvivamia kwa mwiko.

“Vikipoa vinakataa kulainika,” anasema bila kuinua macho. “Hapa ni mbio.”

Ni nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, ambako amefanya kazi kwa miaka mitatu sasa. Anayempikia ni mama mzazi wa mwajiri wake, ajuza wa miaka themanini na mmoja ambaye nyumba nzima humwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mama Kabira alipatwa na kiharusi. Aliporudi kutoka hospitalini, kumeza kulimshinda. Wali ulimpalia, supu ikamtoka kidevuni, mwishowe akafumba mdomo kabisa. Siku nne aliishi kwa vijiko vya chai. Tangu augue, kutoka kilo hamsini na mbili alikuwa amefika arobaini na tano. Daktari akasema asipokula kufikia Alhamisi, atalazwa alishwe kwa mpira wa puani.

“Mama akirudi hospitali, wewe unarudi ofisi,” mwajiri, ambaye Jerioth humwita madam, alimwambia. Ofisi ni ya wakala aliyemleta.

“Nilijua ile hasira ni woga tu,” Jerioth anakumbuka. “Lakini huo woga ungenipandisha ndege.”

Jerioth ni mzaliwa wa Ol Kalou, Nyandarua, kwenye baridi na viazi. Alimwona mamake akimlisha babu asiye na jino hata moja kwa viazi vya kuponda, miaka na miaka. Akaomba ajaribu. Madam alikubali, ila akamkabidhi blenda. Viazi vikatoka vinanata kama gundi, na Mama Kabira akavitema.

“Halas,” madam akasema. Basi.

Jerioth hakutoka chumbani. “Madam, mafi blenda, hakuna blenda. Nipe nafasi moja tu, nitumie mkono wangu.”

Safari hii aliponda kwa mwiko, akavipitisha kwenye chujio mabonge yaishe, akatia siagi, chumvi kidogo, na maziwa ya moto tone kwa tone. Akamketisha mgonjwa wima, akamwekea nusu kijiko ulimini, akangoja.

Mama Kabira akameza. Akafungua mdomo tena.

“Alikula vijiko kumi na kimoja. Madam aliketi sakafuni akalia.” Jerioth anasimulia.

Alhamisi daktari alikuja, akampima, akaenda zake. Neno la ofisi halijasikika tena.

“Siku hizi mamangu akiamka anamuuliza Jerioth kwanza, kisha mimi,” anasema madam, akicheka.

Leo Mama Kabira ana kilo arobaini na tisa. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, hadi bakuli linabaki jeupe. “Kaman,” anaagiza. Aongezwe.

Mkataba wa Jerioth unaisha mwakani. Amekwisha kuulizia nafasi katika chuo kimoja cha Nyahururu kinachofundisha utunzaji wa wazee.

“Nataka niwe na cheti,” anasema, akipangusa mikono kwenye aproni. “Siku nyingine nikisema mgonjwa anaweza kula, nisikilizwe mara ya kwanza.”