Mlinzi wa Mitelezo

Mama bado anamkumbuka mlinzi wa bwawa la mitelezo, viganja vimekunjamana kwa maji, sauti imekauka kwa kupuliza filimbi kutwa. Walinzi wengine, wakimwona binti yake mdogo asiyeweza kutembea, walimuuliza mama, "Huyu ataweza?" Mlinzi huyu alichuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu cha mtoto. "Bibie, tunapanda?" Akambeba hadi juu, akaipapasa plastiki ya mtelezo kwanza, maana jua liliipasha moto na miguu ya mtoto haikuhisi joto. Siku moja alichuchumaa akamuuliza mtoto kama wapande tena, mama akadakia, "Amechoka, kaka." Mlinzi hakuinuka. Foleni ikanung'unika, yeye macho kwa mtoto tu, kama hana haraka duniani. "Tena!" mtoto akapaza sauti. Sasa binti ni mtu mzima, na watu bado wanamuuliza mama badala ya kumuuliza yeye. Mama humgeukia bintiye, akasubiri ajibu mwenyewe.