Nimemshuku Neema bure, au?

Leo nimemwita mwenzangu mwizi wa meseji, tena mbele ya wateja.

Simu yangu imevunjika kioo, kwa hiyo nachati kwa kompyuta ya steshenari yetu hapa Hedaru. Mama anaumwa kule Myamba, nasubiri habari. Asubuhi ukurasa wa kuchati ukagoma kufunguka, na intaneti ipo!

Jana Neema ndiye aliyefunga duka.

"Umegusa nini humu? Unasoma meseji zangu?"

"Dada, hebu angalia tarehe."

Umeme ulipokatika usiku, tarehe ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi maana kibetri chake cha ndani kimekufa, na tarehe ikikosewa kurasa kama hizo hugoma kufunguka. Neema akairekebisha, ukurasa ukafunguka. Kaka kaandika: "Mama leo kamaliza uji wote."

Nikalia, nikamwomba Neema radhi.

Lakini jamani, alijuaje haraka vile? Nyie mngemwamini?