Mbuzi Rasmi

Harufu ya plastiki iliyopata moto hunirudisha hadi leo kwenye ofisi moja ya Mbulu, ambako mama alikuwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, karani aliyesomea mjini aliihodhi. Haikuwa na picha wala kipanya, ila herufi za kijani kwenye kioo cheusi, na ikiwaka ilinuka plastiki ya moto.

"Nionyeshe basi, mwanangu," mama alimwomba.

"Mama, wewe baki na taipureta yako. Hii inataka akili."

Ofisi nzima ilicheka. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kitenge muda mrefu.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, nimetoka shule, natazama vidole vya karani. Alibonyeza kitufe kimoja, orodha ya maneno ikashuka kutoka juu ya kioo, kisha akachagua kwa vishale. Nilitazama hivyo wiki nzima.

Siku moja alitoka kunywa chai, akaacha wazi hotuba ya sherehe ya kuukaribisha mkoa wetu mpya. Niliishusha ile orodha, nikachagua neno la kubadilisha. Kila palipoandikwa "mgeni rasmi" pakawa "mbuzi rasmi."

Hakuipitia. Aliichapa, akagawa nakala kwenye sherehe, na wageni wakaanza kuisoma.

Kesho yake alihamishiwa stoo. Nilimkuta nyuma ya ofisi, ameegemea ukuta, analia. Nilipiga goti kidogo kama nilivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo," nikasema.

Nilisimama palepale mpaka akaitikia.