Viboko Tuliowabakisha

Nilikuwa barabarani siku mbili kutoka Lodwar. Siku ya kwanza niliimaliza juu ya magunia matupu kwenye lori, vumbi likiingia hadi kwenye meno. Ya pili nikapanda basi Kitale, nikalala na kuamka mara nyingi nisizoweza kukumbuka, hadi tulipofika juu pale Riat, ambapo ziwa hujitokeza ghafla chini yako kama bati lililoanikwa juani.

Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa mwalimu mpya aliyepata mapumziko mafupi. Aliinama dirishani, akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa hapa? Mtu mwenye pesa kidogo anaweza kuona nini Kisumu?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Orodha hiyo niliijua utotoni kuliko nilivyojua Baba Yetu. Lakini kila nilichotaka kumtajia, nilikumbuka kwamba hakipo. Mimi mwenyewe nilikuwa naenda mtaa wa Manyatta kuaga nyumba. Mjomba wangu alikuwa ameiuza, akanipigia simu nije nichukue kilicho changu.

Nyumba ilikuwa ya nyanya yangu, niliyemwita Dani, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Aliuza omena, dagaa wa ziwa letu, sokoni Kondele, na alipokea wageni kuliko hoteli. Jamaa waliokuja hospitali, waliokuja harusini, waliokuja tu kwa sababu walisikia kuna ziwa, wote walilala sakafuni kwake. Pesa za kuwastarehesha hakuwa nazo. Basi aliwatembeza. "Mji wetu ni bure," alikuwa akisema huku akijifunga leso, "mradi una miguu."

Rafiki yangu, ungetembea na Dani ungechoka wewe kabla yake. Asubuhi mlikwenda stesheni kuangalia treni ya Nairobi ikiingia, mkapungia abiria msiowajua. Kisha mlisimama kwenye ua wa bandari, mkahesabu meli. Mchana mliingia hekalu la Kalasinga, mkavua viatu, mkafunika vichwa, mkaketi sakafuni kwenye mstari na kupewa dengu na chapati moto, na hakuna aliyeuliza dini yako. Baadaye mlikwenda ufukweni kutazama mabasi yakioshwa, magurudumu yakiwa ndani ya ziwa, redio zikipiga kelele, moshi wa samaki ukitoka vibandani. Jioni mlirudi kupitia Obunga, ambako akina mama walikaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta iliyotupwa na viwanda baada ya nyama kukatwa. Mifupa tu, lakini ukiivunja ikiwa moto na ugali, unalamba hadi kiwiko.

Kitu kimoja Dani hakukionyesha. Karibu na Dunga, nyuma ya mafunjo, kulikuwa na jiwe ambalo ukikaa jua likishuka unawaona viboko. Kila mgeni aliambiwa habari zao, na kila mgeni aliondoka bila kuwaona. Siku ya kuondoka Dani alimshika mkono na kumwambia, "Viboko tumekubakishia. Utarudi." Na wengi walirudi. Kwake huo haukuwa utani. Alikuwa ameyashika hayo kutoka kwa mama yake, kwamba mgeni aliyemaliza kuona hana tena njia ya kurudi.

Mimi nililetwa kwake nikiwa na miaka sita, kwa treni kutoka Mombasa. Mama yangu, aliyelelewa huko na jamaa tangu utotoni na asiyeujua mji wetu, alikuwa akisafisha vyumba hotelini. Alinifikisha, akalala siku moja, akarudi kazini. Hakuja tena hadi nilipokuwa na miaka kumi, Agosti moja, kwa siku nne. Alikuja na halua iliyoyeyuka kwenye gazeti na shati lililonibana kwapani, kwa sababu alilinunua kwa kukisia.

Wiki hiyo magoti yalimwuma Dani. Akaniambia, "Nyakwara, wewe ndiye utakayemtembeza. Mwonyeshe kila kitu. Viboko bakisha." Nyakwara maana yake ni mjukuu wangu. Nikaapa.

Nilikuwa na mpango wangu. Niliamini nikimwonyesha mji vizuri, hataondoka. Nilimpeleka stesheni, nilimpeleka hekaluni, nilimweleza hata mambo niliyotunga. Pale yanapooshwa mabasi, kijana mmoja aliyekuwa na sabuni hadi mabegani alimwita, "Madam wa Mombasa! Simama hapo tukuoshe pia, leo ni bure!"

"Anza na masikio yako," mama akamjibu, "yana shamba la mahindi."

Vijana walicheka hadi wakaangusha ndoo. Nami nikavimba kwa fahari, kana kwamba nimeshinda mimi.

Lakini siku ya tatu jioni alitazama saa yake. Akauliza, "Ndiyo hivyo tu? Tumemaliza?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka. Mimi nilisikia kwamba mji wetu umekuwa mdogo, na kwamba mimi nimekuwa mdogo pamoja nao. Nikasema, "Bado kimoja."

Tulikaa juu ya lile jiwe. Kwa muda mrefu maji yalikuwa maji tu. Kisha masikio mawili yakatokea, yakatikisika, na baadaye pua, na mwingine, na mwingine, wakipumua kwa mshindo uliotufikia hadi kifuani. Mama alinishika mkono na hakuuachia. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Nakuambia kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baadaye. Kisha akafuta uso, akasema, "Haya. Sasa nimeona yote."

Kesho yake tulimsindikiza stesheni. Dani, na magoti yake, alikuja. Akamshika mkono dirishani mwa behewa. "Nenda salama, nyara, binti yangu. Viboko tumekubakishia."

"Wale wanaooga kama wazee wa baraza?" mama akacheka. "Nimewaona, Mama. Mtoto alinipeleka jana."

Dani alinitazama. Hakunigombeza. Alifungua leso yake, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Treni iliondoka. Tukarudi Manyatta. Kikombe cha bati alichonywea mama, Dani alikiosha, akakitundika kwenye msumari, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukinywea.

Mama hakurudi. Barua zilikuja mbili, kisha moja, kisha hakuna. Nilipokuwa mtu mzima mjomba aliniambia ukweli: alikuwa ameolewa huko na mwanamume ambaye hakuambiwa kwamba mimi nipo, na zile siku nne zilikuwa za kuagana. Hayo nayajua. Lakini mwambie yule mtoto wa miaka kumi. Mimi nimejaribu kumwambia Eldoret, Malaba, Lodwar, kila mahali nilipobeba saruji au kuuza mitumba, na hajawahi kunisikiliza.

Nilipomaliza kidato cha nne na kuamua kuondoka, Dani hakutoka kuniaga. Alijifungia chumbani. Nilibisha. Akajibu kutoka ndani, "Mimi leo hujaniona. Nenda." Nilielewa kwamba alikuwa anajibakisha. Nikaahidi mlango ule kwamba nitarudi kabla ya Krismasi. Nilirudi baada ya miaka saba, siku ya tatu baada ya mazishi yake.

Safari hii nilikuta nyumba imeshasafishwa. Msumari ulikuwepo, kikombe hakikuwepo, na mjomba hakukumbuka kama kiliwahi kuwepo. Basi nikaamua nizunguke mzunguko wote na kuumaliza, nisibakishe kitu, niondoke kama mama. Vile vibanda vya samaki vilibomolewa, na ufuko ule umezungushiwa uzio. Stesheni nilisimama peke yangu, na mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Dunga sasa kuna lango na viti vya plastiki, na jiwe sikuliona. Nilipanda boti ya kijana mmoja mwenye kofia ya manjano. Magugu yalikuwa yamefunika ghuba yote, kijani kitupu, ungedhani unaweza kutembea juu yake. Tulikwenda na kurudi hadi jua likazama. Hakuna sikio lililotokea.

"Magugu yamewasukuma upande ule," kijana akasema, akiona uso wangu. "Lakini asubuhi watakuwa hapa. Usijali, Mzee. Viboko wamebaki. Utarudi."

Nikamwambia nitarudi. Tiketi ya Kitale ilikuwa tayari mfukoni, na Manyatta hakuna tena mlango ambao ningeubisha, nimwambie aliye ndani kwamba safari hii sikuwaona.