Sare ya Kuonyesha Saudia

Fundi wa sare wa Kisumu Ndogo atakwambia mkasi wake uliwahi kukata moshi wa jiko vipande viwili, na moshi ukaomba msamaha. Huongea pini zikiwa mdomoni na bado anakushinda maneno. Watoto ambao mama zao wanafanya kazi Saudia, yeye huwaachia pindo refu kwenye sare, wakue nalo mpaka mama arudi. Jana alimvalisha Nasike, mmoja wa watoto hao, sare mpya, akainua simu ya video ili mama amwone kutoka huko. Mama hutuma karo. Shangazi huila, na Nasike tangu mwaka jana hukaanga dagaa wa omena kibandani kwa shangazi badala ya kusoma.

"Umerefuka, mwanangu! Hebu geuka nikuone!" Nasike akageuka. "Fundi, dadangu, wewe ndiye ninayekuamini. Huwa unamwona akienda shule?" Nasike akamkazia fundi macho, aseme ukweli. Shangazi, mwenye chumba anachokodi fundi, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Fundi akatema pini kiganjani. "Kila asubuhi, dada. Tena huyu hukimbia." Simu ilipokatika, Nasike akaanza kufungua vifungo.